Tulitafuta Maneno, Tukakwama Kwenye Sentensi

Kabla ya kuandika programu za kompyuta nilifundisha fizikia kwa miaka sita katika shule ya sekondari hapa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia kuchora ubaoni vitu ambavyo wanafunzi wangu walistahili kuvishika kwa mikono yao. Maabara ilikuwa na ameta mbili kwa darasa la wanafunzi zaidi ya 70, na mshale wa mojawapo ulikuwa haurudi kwenye sifuri. Kwa hiyo nilipoona kwa mara ya kwanza programu ya uigaji, yaani ile inayomwezesha mwanafunzi kuunganisha betri, waya na balbu kwenye skrini, kuongeza volti na kuona mkondo wa umeme ukibadilika papo hapo, sikuhitaji kushawishiwa na mtu. Niliyoiona ilikuwa ya mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nchini Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Programu zao hutolewa bure, nyingi hupakuliwa na kutumika bila intaneti, na watu wa kujitolea wamezitafsiri katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo.

Baadaye niliacha ualimu, nikaungana na wenzangu watatu katika chumba cha kupanga Kijitonyama, tukaanza kutengeneza programu zetu wenyewe za uigaji kwa ajili ya darasa la tano hadi la saba na kidato cha kwanza. Hatukuwa na nia ya kushindana na mtu. Tulitaka majaribio yanayofuata mada za vitabu vya hapa, yanayofanya kazi kwenye vishikwambi vya kawaida pasipo kumaliza bando la mwalimu, na yanayosema Kiswahili na Kiingereza kwa ubora uleule. Hili la mwisho lilitokana na jinsi elimu yetu ilivyopangwa: katika shule za msingi za serikali sayansi hufundishwa kwa Kiswahili, kisha mtoto akiingia sekondari, fizikia, kemia na biolojia humjia kwa Kiingereza. Aliyejifunza msuguano akiwa darasani kwa mwalimu wa msingi anakutana na msuguano huohuo kidato cha kwanza ukiwa na jina jingine, na nimefundisha watoto wengi walioamini kwa dhati kwamba hilo ni jambo jipya ambalo hawajawahi kulisikia. Tulitaka programu imwonyeshe mtoto, kwa macho yake, kwamba analijua tayari.

Miezi minne ya mwanzo tuliimaliza kwenye istilahi. Mezani tulikuwa na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa mwaka 1990 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tulikuwa na vitabu vya sayansi vya shule ya msingi, na tulikuwa na ubishi usiokwisha. Katika mazungumzo ya kila siku neno nguvu hubeba mzigo mkubwa mno: mtu ana nguvu, betri ina nguvu, upepo una nguvu, dawa ina nguvu. Fizikia haiwezi kuvumilia hilo, kwa hiyo ilitubidi tushike kani kwa kile kinachosukuma au kuvuta, na nishati kwa kile kinachotumika kufanya kazi, na tusiyumbe hata kwenye maandishi madogo ya pembeni mwa skrini. Neno kanieneo ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Mwanafunzi mmoja wa darasa la sita aliliona kwa mara ya kwanza, akalitamka polepole, akalikata vipande viwili, akasema, «Ni kani kwenye eneo.» Sikuwa nimemweleza chochote, na neno lenyewe lilikuwa limekwisha kumfundisha.

Mwendokasi ulitupa taabu ya aina nyingine, kwa kuwa tangu mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi mwaka 2016, mtoto wa jiji hili akisikia mwendokasi anafikiria basi. Mwenzetu mmoja alitaka tutafute neno lingine. Mimi nilipinga, na bado naamini nilikuwa sahihi: tuliliacha neno, tukaliondoa gari dogo jekundu lililokuwa likipita kwenye skrini, tukaweka basi refu linalotoka Kimara kwenda Kivukoni, likisimama vituoni na kuondoka tena, huku namba ya mwendokasi ikipanda na kushuka juu yake. Watoto walielewa mara moja kwamba basi limeitwa kwa jina la kile linachokifanya.

Nayaeleza haya kwa kirefu kidogo kwa sababu wanaotaka kuanza kazi kama yetu huja na swali hilohilo la istilahi: neno hili mnaliitaje, na lile je, limesanifiwa? Ni swali zuri, lakini jibu lake mara nyingi liko kwenye kamusi, na likikosekana huko hupatikana kwa walimu. Shida iliyokaribia kutushinda haikuwa kwenye kamusi yoyote.

Tuliigundua siku tulipopeleka programu ya mizani katika shule moja ya msingi wilayani Temeke. Kwenye skrini kulikuwa na ubao uliosimama juu ya egemeo, na mwanafunzi aliweza kuweka vitu kushoto na kulia hadi ubao ukae sawa: watoto, vikapu, matofali, ndoo za maji na mikungu ya ndizi. Kila alipoongeza au kuondoa kitu, programu iliandika chini sentensi ya kueleza kilichotokea. Tulikuwa tumetafsiri kila neno kwa uangalifu mkubwa. Mtoto wa kwanza aliweka vitu vyake, na programu ikaandika: «3 mtoto imeongezwa kushoto.» Wa pili akaweka kikapu, ikaandika: «1 kubwa kikapu imeongezwa kulia.» Darasa likanyamaza kidogo, kisha sauti moja nyuma ikasema, «Kikapu kikubwa kimeongezwa,» na baada ya hapo hakuna aliyetazama ubao tena. Wote walikuwa wakisoma sentensi kwa sauti na kuzisahihisha, moja baada ya nyingine, na kipindi cha dakika 40 kilichokuwa cha fizikia kikageuka kuwa cha sarufi.

Mwalimu wao, mama wa makamo aliyekuwa ameitikia shikamoo yangu kwa ukarimu mwingi asubuhi ile, alinivuta pembeni wakati wa mapumziko. «Mwanangu,» aliniambia, «mtoto akiandika hivi kwenye daftari namkata alama. Ukiniletea chombo kinachoandika hivi mbele yao, watakiamini kwenye sayansi kwa sababu gani?» Nilikosa jibu. Nilimwahidi kwamba sitarudi shuleni kwake mpaka jambo hilo liishe, na kutoka Temeke hadi Kijitonyama niliifikiria kauli yake njia nzima.

Kilichotokea ni rahisi kukieleza, ingawa kukitengeneza kulituchukua muda mrefu. Programu ilikuwa imeandikwa ikiwa na kiunzi kimoja cha sentensi: kwanza idadi, kisha sifa, kisha jina la kitu, kisha tendo, kisha upande. Katika Kiingereza vipande hivyo vinaweza kuchomolewa na kuchomekwa, na ukiacha herufi ya wingi mwishoni mwa jina, hakuna kinachogusana na kingine. Katika Kiswahili jina linatawala sentensi nzima. Mtoto mmoja mkubwa ameongezwa, kikapu kimoja kikubwa kimeongezwa, tofali moja kubwa limeongezwa, ndoo moja kubwa imeongezwa, mkungu mmoja mkubwa umeongezwa. Vitu vitano tulivyovichagua bila kufikiri vilikuwa vya ngeli tano, na ukija kwenye wingi hesabu inaanza upya. Hata namba zenyewe hazikai kwa namna moja, kwa kuwa moja hadi tano pamoja na nane huchukua upatanisho, watoto wawili, vikapu viwili, matofali mawili, ilhali sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Sisi wazawa wa lugha tunayasema haya kutwa kucha bila kuyaona, na ndiyo maana wanne kati yetu, tuliolelewa katika Kiswahili, tuliandika programu ambayo mtoto wa miaka 11 aliikataa ndani ya dakika moja.

Jaribio letu la kwanza la kulitatua lilikuwa kuifundisha kompyuta itunge viambishi yenyewe. Tulipoteza wiki mbili. Ukiipa kanuni ya kikubwa, mkubwa na kubwa, inakwenda vizuri mpaka mtu aongeze rangi, na hapo inakuletea «kiekundu» mahali pa chekundu na «liekundu» mahali pa jekundu. Kila kanuni ilizaa nyingine ya kuirekebisha. Tulifikiria pia njia fupi ambayo wengi huishika, ya kuepuka sentensi kabisa na kuandika jina, nukta mbili na tarakimu, kama vile «Watoto: 3». Kwenye jedwali njia hiyo inafaa na tunaitumia. Lakini mtoto anayejifunza kwa nini ubao umeinama anahitaji kuelezwa kwa sentensi iliyokamilika, yenye sababu na matokeo, na kumnyima sentensi kwa sababu programu haiwezi kuitunga ni kumwadhibu kwa kosa letu.

Hatimaye tuliacha kuunganisha vipande. Kila kitu kwenye programu sasa kina ngeli yake, imeandikwa kando ya jina lake katika faili ya lugha, na kila ujumbe umeandikwa na mtu, mzima, kwa kila ngeli, katika umoja na wingi. Kompyuta kazi yake ni kuchagua tu. Kanuni za CLDR, hazina ya taarifa za lugha mbalimbali kwa ajili ya programu za kompyuta, zinazotolewa na shirika la Unicode na kutegemewa na programu nyingi duniani, zinakitambua Kiswahili kuwa na hali mbili za idadi, ya moja na ya nyinginezo, nasi tulianzia hapo. Lakini ngeli ilibidi tuiongeze wenyewe, kwa utaratibu uleule ambao programu hutumia kuchagua sentensi ya kiume au ya kike katika lugha zinazotofautisha hivyo. Ujumbe mmoja wa Kiingereza ulizaa 10 za Kiswahili. Ni kazi ya mikono, inachosha, na sijaona njia ya mkato ninayoweza kuitetea mbele ya yule mwalimu wa Temeke.

Kazi hiyo ilitulazimisha kubadili pia namna ya kufanya kazi na watafsiri. Mwanzoni tuliwapa jedwali lenye safu mbili, Kiingereza kushoto na nafasi tupu kulia, bila picha yoyote. Neno la Kiingereza «light» lilirudi likiwa limeandikwa mwanga mahali pamoja, nyepesi mahali pengine, na taa mahali pa tatu, na kila mtafsiri alikuwa sahihi kwa alichokidhania. Vitufe vya swichi vilileta utata zaidi. Washa ni amri, imewaka ni hali, na mtoto anayeona neno washa juu ya balbu inayowaka hajui kama anaambiwa abonyeze au anaelezwa kilichopo. Siku hizi mtafsiri wetu hafungui jedwali kabla ya kuichezea programu yenyewe kwa nusu saa, na kila ujumbe anaoandika anauona mahali pake kwenye skrini. Wakati huohuo anajua kama umetosha kwenye kitufe, maana pale Kiingereza kinapotumia neno moja la kuanzisha jaribio tena, sisi tunaandika «Anza upya», na vitufe vilivyokatwa kwa kipimo cha Kiingereza huyameza maneno yetu.

Hitilafu moja ilitutesa kwa siku tatu. Katika programu ya umeme, ujumbe wa kueleza balbu inang'aa kwa wati ngapi ulionekana umeandikwa «inangaa», na mahali pa namba palibaki mabano yaliyopinda yenye sifuri ndani yake. Ujumbe mwingine wote ulikuwa sawa. Kumbe programu ile tuliiandika kwa Java, mojawapo ya lugha za kuandikia programu, na katika utaratibu wa Java wa kupanga ujumbe, ritifaa moja humaanisha kwamba maandishi yanayofuata yachukuliwe yalivyo, yasijazwe kitu. Kwa hiyo ritifaa ya ng' ilifutwa, na nafasi ya namba iliyokuja baada yake ikaachwa wazi. Tiba yake ni kuandika ritifaa mbili mfululizo. Sentensi zetu za Kiingereza hazikuwa na ritifaa hata moja, ndiyo sababu majaribio yote ya Kiingereza yalipita bila doa. Palitolewa pendekezo kwamba tuiondoe ritifaa kwenye maneno yote ya Kiswahili ili tuwe salama. Nililikataa kwa uchungu, kwa sababu ng' ni sauti kamili ya lugha hii, na mtoto aliyefundishwa kuandika ng'ombe na ng'oa hastahili kuona chombo cha shule kikiandika vinginevyo.

Programu ya jua na dunia ilinionyesha kwamba wakati mwingine kinachohitaji kubadilika ni namba zenyewe. Tulikuwa na saa pembeni mwa skrini, na mwanafunzi alitakiwa kuliburuta jua hadi mahali panapolingana na saa 12:00. Tulitegemea aliweke utosini. Karibu darasa zima lililiweka kwenye upeo wa macho, upande wa magharibi, na lilikuwa sahihi, kwa kuwa saa kumi na mbili jua huzama. Kwa Kiswahili saa inaanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na hapa Dar es Salaam, kusini mwa Ikweta kwa nyuzi chache tu, tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi katika mwaka haifiki saa moja, hivyo hesabu hiyo inakubaliana na anga lenyewe. Sasa ukichagua Kiswahili, saa husoma saa 6 mchana. Ukichagua Kiingereza, husoma 12:00. Jua halisogei.

Katika programu hiyohiyo tulikuwa na majira manne, na mtafsiri alikuwa ameyaita moja vuli na jingine kipupwe, akifuata kamusi. Mtoto mmoja akauliza kwa nini kwenye picha ya vuli majani yanapukutika wakati vuli ni mvua. Vuli yake ni mvua za Oktoba hadi Desemba, na hakuna tafsiri itakayoligeuza hilo. Tuliiondoa picha ile katika toleo la Kiswahili, tukaonyesha jinsi jua linavyopita utosini mwa Dar es Salaam mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na jinsi kivuli cha adhuhuri kinavyoelekea kusini mwezi Juni. Watoto walitoka uwanjani na fimbo kukipima.

Kifaransa kilikuja baadaye, kwa ombi la mwalimu mmoja wa Lubumbashi, na kilitukumbusha kwamba hata nukta ya desimali si ya watu wote: mwanafunzi wake aliandika 1,5 na programu ikasoma 15. Hilo tulilirekebisha kwa siku moja.

Kitufe cha kubadili lugha ndicho kilichobaki, nacho tulikifanyia makosa tangu mwanzo. Ukikibonyeza, programu ilijifunga na kufunguka upya katika lugha nyingine, na kila ulichokiunganisha kikapotea. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walikijaribu mara moja, wakajifunza kukiogopa. Tuliivunja sehemu kubwa ya programu ili maandishi yabadilike peke yake, jaribio likibaki lilivyo, kreti ikiwa imefika nusu ya njia na msukumo ukiwa uleule.

Tulilipeleka toleo hilo katika shule moja ya sekondari Kinondoni mwezi Februari. Binti mmoja alikuwa akisukuma kreti kwenye sakafu ya saruji, kisha kwenye mchanga, skrini ikiwa ya Kiingereza, na alikuwa ameandika kwenye daftari neno la Kiingereza la msuguano na alama ya kuuliza mbele yake. Akabonyeza kitufe. Kreti haikusogea, mshale mwekundu haukusogea, ila neno lililokuwa juu ya mshale likawa msuguano. Alibonyeza tena, na tena, labda mara kumi, kisha akamgusa jirani yake begani. «Ni ule wa darasa la tano,» alimwambia. Aliponiona nimesimama nyuma yake, aliniuliza, «Mwalimu, haiwezi kuonyesha zote mbili kwa pamoja?»

Haikuwa na uwezo huo. Skrini ya kishikwambi ni ndogo, na sentensi zetu ni ndefu kuliko za Kiingereza, hivyo mistari miwili huliziba jaribio lenyewe. Tumeanza na majina ya mishale na vipimo tu, Kiswahili juu na Kiingereza chini yake kwa herufi ndogo, na wiki ijayo tunarudi Kinondoni kuona kama yanasomeka kutoka dawati la nyuma.